Rauta ya Pili

Jina lake la kwenye vyeti nalijua, maana niligonga muhuri mwenyewe watoto wake wawili walipozaliwa, lakini ofisi nzima tulimwita Kamusi. Alikuwa fundi wa mitandao katika ofisi yetu ya vyeti vya kuzaliwa na vifo, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kuishi chini ya meza za watu. Jina la Kamusi alilipata kwa ubishi. Ukimwambia, "Fundi, ile rauta ya juu ya kabati inawaka taa nyekundu," hakulikimbilia kabati. Alisimama kwanza, akavua miwani, akasema, "Ile si rauta, ile ni swichi. Ukisema swichi ndipo nitajua nibebe nini." Na wewe hapo una foleni ya watu sitini dirishani! Kuna siku nilitamani kumrushia muhuri.

Kwetu sisi kila kisanduku chenye taa kilikuwa rauta. Cha kwenye kabati rauta, cha ukutani rauta, hata kile cha kuhifadhi umeme kuna bibi mmoja wa masjala alikiita rauta mpaka alipostaafu. Mimi nilikuwa karani mkuu wa Chumba Namba Kumi na Nne, chumba cha kupokea maombi, na wenzangu waliniita Mama Muhuri. Ulimi wangu ulikuwa mrefu kuliko foleni yangu. Nilimtania Kamusi kuliko mtu yeyote, na katika ofisi ile nzima ni mimi peke yangu niliyemsikiliza.

Alipofika mara ya kwanza, mtandao wetu ulikuwa wa kuvuta kwa kamba. Ukituma ombi kutoka kwangu kwenda masjala, unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi, ukakuta bado linazunguka. Siku ya tatu alituita saa ya chai, akaweka mezani kisanduku cha kijivu kilichojaa vumbi ambacho alikuwa amekitoa stoo.

"Hii inaitwa habu," akasema. "Ndiyo inayowachelewesha. Haina akili hata chembe. Ujumbe wa Mama Muhuri ukifika hapa, inausambaza kwenye kila waya uliochomekwa. Kompyuta zote zinaupokea, zinautazama, zinaona hauzihusu, zinautupa. Na mkituma wawili kwa wakati mmoja, ujumbe unagongana, mnaanza upya."

"Kumbe ni wifi yangu," nikasema. "Neno ukimwambia yeye, mtaa mzima wanalo kabla hujafika nyumbani."

Watu walicheka wakashika mbavu, na yeye akacheka pia. Tangu siku hiyo habu ikaitwa Wifi ya Mama Muhuri. Kisha akatoa kisanduku kingine, kinafanana na kile kama mapacha, akasema hiki ni swichi. "Swichi inakumbuka. Inajua nani amechomekwa tundu lipi. Ujumbe wa masjala unakwenda masjala tu, wengine hamsikii kitu na hamsumbuliwi. Hizi ndizo nitakazoweka kila ghorofa."

"Na rauta?" nikauliza.

"Rauta haishughuliki na nani anakaa chumba gani. Yenyewe iko getini, kati ya mtandao wetu na mitandao mingine. Ndiyo inayojua njia ya kutoka na kurudi. Na hapa kwetu nimeipa kazi nyingine, kugawa anwani. Kompyuta ikiwashwa asubuhi inauliza, 'Leo mimi ni namba ngapi, na geti liko wapi?' Rauta inaijibu. Kwa hiyo jengo lina swichi nyingi, lakini rauta ni moja."

"Zikiwa mbili?"

Alivua miwani. "Hapo tumekwisha, dada. Kompyuta inamwamini anayewahi kujibu, hata kama geti lake linatazama ukuta."

Nilipenda kujua vitu, na yeye alipenda kujuza. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa nasema habu, swichi na rauta bila kuchanganya, na nilikuwa na kiburi nalo. Akiitwa chumba fulani akakuta maelezo hayaeleweki, alisema, "Muulizeni dada wa kumi na nne, yeye anajua kutaja." Mimi nilivimba kichwa. Kitu kimoja tu alinisisitizia ambacho sikukishika. Alikuwa akisema, "Usitazame umbo. Kigeuze, usome mgongoni." Niliitikia ndiyo, kama mtu anavyoitikia akiambiwa achemshe maji ya kunywa.

Miaka tisa alifanya kazi ile kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Kila Desemba alikuwa hajui kama Januari atakuwa na meza. Mtu wa mkataba akiugua anaugua kwa gharama zake, na akizeeka ni shauri yake. Mwaka huo wa tisa, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili, hatimaye jina lake lilipelekwa kwa Mkuu wa ofisi ili aajiriwe moja kwa moja. Aliniambia mwenyewe, akiwa chini ya meza yangu, miguu tu ndiyo inayoonekana. "Karatasi iko mezani kwake, dada. Imebaki saini. Mama watoto ameshaanza kuniita mtumishi."

"Toka huko chini basi, mtumishi," nikamwambia, "usije ukaajiriwa na buibui."

Ijumaa ya wiki hiyohiyo wakaniletea kompyuta mbili mpya, na ukutani kwangu palikuwa na tundu moja tu la mtandao. Nikampigia Kamusi. Akasema swichi ameagiza, iliyoko stoo imekufa matundu mawili, nisubiri mpaka Alhamisi. Alhamisi! Nilikuwa na foleni inayotoka mlangoni, inashuka ngazi, inazunguka jengo. Watu wanataka vyeti vya watoto waandikishwe shule, na mimi nina kompyuta mbili zimefunikwa nailoni kama masofa ya wageni.

Jumapili nilikwenda kwa kaka yangu. Wifi alikuwa anapanga kabati, na katika mabegi na nguo za zamani nikaona kisanduku cheusi chenye matundu matano. "Kimekaa tu hapo," akasema. "Kaka yako alinunua zamani, kabla hatujahama. Chukua kama kitakufaa." Nikakitazama kwa jicho la mjuzi. Hakina antena hata moja. Matundu manne yamepangana, la tano limejitenga pembeni na rangi yake ni tofauti. Nikajiambia, hii ni swichi. Sikukigeuza.

Hapa lazima nitaje waraka. Mwaka uliotangulia mtu wa uhasibu alichomeka birika la umeme kwenye soketi mbovu, na nusu ya ukuta ikaungua. Mkuu akatoa waraka wa mistari mitatu: atakayechomeka kifaa chochote asichopewa na ofisi ataondoka kazini siku hiyohiyo. Niliusaini. Tulisaini wote. Lakini mimi nilijiona si mtu wa birika. Mimi ni dada wa kumi na nne, anayejua kutaja.

Jumatatu nilifika mapema, nikakisukuma kisanduku nyuma ya kabati, waya wa ukutani nikauchomeka kwenye tundu mojawapo, na kompyuta zangu tatu kwenye yaliyobaki. Taa zikawaka kijani. Nilijipongeza.

Kabla ya saa nne jengo lote lilikuwa linalia. Chumba cha tisa hawaoni kumbukumbu. Masjala hawaoni. Mimi mwenyewe sioni, kompyuta zote tatu zinasema seva haipatikani. Kilichotuchanganya ni kwamba si wote walioathirika: waliokuwa wameacha kompyuta zao zikiwaka tangu Ijumaa waliendelea na kazi kama kawaida, kisha nao wakazima mmoja mmoja. Kamusi alikaa kwenye kompyuta ya mapokezi kwa dakika tano tu. Aliposimama uso wake ulikuwa umebadilika.

"Kuna rauta ya pili," akasema. "Kuna mtu anagawa anwani ambazo si zangu."

Akawatumia wakuu wa vyumba wote ujumbe mmoja kwenye simu: je, kuna yeyote aliyeongeza rauta? Mimi nikajibu palepale, tena kwa raha, kwa sababu swali lilikuwa la watu wasiojua kutaja. Niliandika: *Hapana. Mimi nimeongeza swichi ya wifi tu.*

Simu ikalia papo hapo. "Dada! Swichi ya waifai? Ya hewani?"

"Ya wifi, Kamusi wee! Mke wa kaka yangu! Yule habu!"

Akaangua kicheko mpaka akakohoa, na mimi huku nikacheka mpaka watu wa foleni wakanitolea macho. "Umenishtua," akasema. "Nilishashika ngazi nije huko. Ungeniambia kwanza lakini, dada, mambo ya waraka hayo."

"Nitakuambia nini na wewe ni wa Alhamisi?"

"Haya. Kumi na nne nimekufuta kwenye orodha. Wewe unajua majina."

Mara nyingi nimekirudia kicheko kile kichwani. Kama nisingetia utani, angekuja. Angekigeuza kisanduku mara moja, angenigombeza, angekitia mfukoni, na mambo yangeishia hapo.

Jumanne alizunguka jengo zima. Alitaka kuzichomoa nyaya moja baada ya nyingine kwenye swichi za kila ghorofa mpaka ampate mkorofi, lakini Mkuu alimkataza: vyumba vichache vinavyofanya kazi viachwe vifanye kazi, wananchi wamejaa. Basi akatambaa kwa tochi, chumba kwa chumba, meza kwa meza. Alikuta mabirika mawili, jiko dogo la umeme, viatu vya mtu aliyeacha kazi miaka minne iliyopita. Rauta hakuikuta. Kwangu alipita mlangoni tu, suruali imechafuka magotini, akanipungia mkono.

Jumatano saa saba mchana foleni ilikuwa imekwenda kula. Kalamu yangu ilianguka nyuma ya kabati, nikainama, mkono ukagusa kile kisanduku. Kilikuwa cha moto. Nikakichomoa nikitazame, na kwa mara ya kwanza nikakigeuza. Mgongoni palikuwa na karatasi ndogo imebandikwa, na neno lililoandikwa pale, kabla ya namba zote, lilikuwa rauta.

Nilisoma mara ya pili na ya tatu, kama vile neno litajirekebisha. Kisha nikafanya upesi kuliko nilivyowahi kufanya kazi yoyote ya ofisi ile. Nikachomoa nyaya zote, nikarudisha kompyuta ya zamani kwenye tundu la ukutani, zile mpya nikazifunika nailoni zao, kisanduku nikakiviringisha kwenye mtandio na kukitia mkobani. Wenzangu waliporudi kutoka chakulani nilikuwa napanga fomu.

Ningeweza kwenda kwake. Chumba chake kilikuwa ghorofa moja chini yangu, ngazi ishirini na mbili. Lakini nilikuwa na mama mgonjwa ndani ya nyumba na wanangu watatu shuleni, na waraka wa mistari mitatu wenye saini yangu. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Ipo nyingine, ndogo, na mpaka leo ndiyo inayoniudhi zaidi: niliona aibu. Mimi niliyewacheka wenzangu kwa kuita swichi rauta, nilikuwa nimeita rauta swichi.

Alasiri hiyo kila aliyezima kompyuta na kuiwasha tena alirudi mtandaoni. Watu walimpigia Kamusi makofi kwenye korido. Yeye hakufurahi. Alisimama katikati yao akisema, "Sijaikuta. Imeondoka yenyewe, lakini sijaikuta."

Alhamisi akaja kwangu na swichi mpya mkononi, kama alivyoahidi. Akaifunga, akapanga nyaya vizuri, halafu akaketi kwenye kiti cha waombaji, upande wa pili wa dirisha langu.

"Dada, ile swichi ya wifi yako naweza kuiona?"

"Nimemrudishia mwenyewe. Ilikuwa inapata moto."

"Uliisoma mgongoni?"

"Niliisoma."

"Ilikuwa swichi?"

"Swichi," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na shaka nami, na hilo nililiona waziwazi. Alikuwa anajiondolea shaka ya mwisho. Akasema haya, akashika begi lake la vifaa akaondoka.

Mkutano ulikuwa Ijumaa asubuhi, kwenye ukumbi mdogo, wakuu wa vyumba wote tukiwa tumekaa kuizunguka meza. Mkuu wetu alikuwa mtu wa sauti ya chini. Hasira yake ilikuwa kwenye kalamu aliyokuwa akiigongagonga. Siku tatu wananchi wamerudi nyumbani mikono mitupu, anataka kujua sababu. Kamusi akasimama akaeleza kila kitu kama kilivyokuwa, kwa majina yake sahihi, bila kubabaika: kulikuwa na rauta ya pili ndani ya jengo, iligawa anwani zisizo zetu, na waliozipokea walielekezwa kwenye geti ambalo halina njia.

"Iko wapi?" Mkuu akauliza.

"Sikuipata, Mkuu."

"Iliingiaje?"

"Sijui."

"Ilitokaje?"

"Sijui, Mkuu."

"Kwa hiyo iliingia yenyewe, ikaharibu, ikatoka yenyewe. Hiyo ni rauta au ni mzimu?"

Watu wakacheka. Nami midomo yangu ilicheka pamoja nao; naukumbuka mdomo wangu ukijivuta pembeni bila ruhusa yangu. Kamusi alitazama meza nzima, akatafuta mtu mmoja wa kumsaidia kusema. Macho yake yalinifikia mimi, mwanafunzi wake. Mimi nikatazama daftari langu.

Mkuu akaita kampuni ya nje. Walikuja vijana wawili wenye mashati ya kufanana, wakakaa siku moja, wakaandika kwamba hawakuona dalili yoyote ya rauta ya pili, na kwamba huenda mpangilio wa anwani ulikosewa na fundi wa ofisi. Huenda! Neno dogo kama hilo. Karatasi iliyokuwa mezani ikisubiri saini ilirudishwa bila saini, na Desemba mkataba haukuongezwa. Kwenye korido walikuwa wameshaacha kumwita Kamusi. Walimwita Mzimu.

Siku ya mwisho alipita kuniaga. Alikuwa na mfuko mmoja tu wa vitu vyake. Alisema, "Nimerudia kila kitu, dada. Nimekaa na ule mpangilio wiki mbili. Pengine ni mimi niliyekosea mahali, nikaona kitu ambacho hakikuwepo."

Nami nikamwambia, "Hata mafundi hukosea, kaka yangu. Usijitese."

Nilimfariji. Nimesema uongo mwingi maishani, mkubwa na mdogo, lakini katika wote, huo ndio ninaoona haya kuuandika. Aliniambia asante. Wiki hiyo nilikitoa kisanduku mkobani na kukitupa kwenye pipa la mtaa wa mbali, ambako hakuna anayenijua.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu mimi ilikwenda miaka sita. Mama yangu alifariki, wanangu wakamaliza shule, nikapandishwa cheo mara moja. Mwezi uliopita nilistaafu, pensheni yangu ikaandikwa na kuthibitishwa, na wiki ya pili baada ya hapo nikaenda kumtafuta Kamusi. Mnaona mpangilio wenyewe. Niliungama siku nilipokuwa sina tena cha kupoteza, kwa hiyo nisije nikasifiwa kwa ujasiri.

Anafanya kazi ya fremu za picha siku hizi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake. Nilimkuta anapigilia misumari midogo kwenye fremu ya picha ya harusi ya watu. Amekonda, nywele zimekuwa nyeupe pembeni. Aliponiona alisimama, akanifutia kiti kwa kiganja, akapaza sauti kwa mke wake jikoni: "Mama watoto, dada wa kumi na nne amekuja!" Furaha yake ilinichoma. Mke wake akatokeza kichwa, akanisalimia, akarudi kuweka maji ya chai. Nilisema yote kabla chai haijaiva, maana nilijua nikishanywa chai yake sitaweza.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Waya wa ukutani uliuchomeka tundu lipi? Lile la pembeni, au mojawapo ya yale manne?"

"Mojawapo ya yale manne."

"Una hakika?"

"La pembeni halikuwa na kitu. Nakumbuka nilijiuliza ni la nini."

Aliweka nyundo chini. "La pembeni ndilo la kutokea nje," akasema, na sauti yake ikaanza kupanda. "Ungechomeka pale, isingefikia jengo, ingesumbua chumba chako tu. Lakini ulichomeka ndani. Ikawa kama imekaa katikati yetu! Kila aliyewasha asubuhi ikamwahi kabla ya ile ya getini. Walioacha kompyuta zinawaka walikuwa bado na anwani za zamani, mpaka muda wake ukaisha, ndiyo maana walikuwa wanazima mmoja mmoja! Na Jumatano ulipochomoa..." Alikuwa amesimama, miwani mkononi, anachora hewani kwa kidole. Kwa dakika moja alikuwa Kamusi kabisa, yule wa saa ya chai. "Nilikuwa sahihi," akasema. "Siku ya kwanza, dakika tano za kwanza, nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

Kisha mkono ukashuka. Alikaa.

"Ulijua siku gani?"

"Jumatano. Saa saba mchana."

"Alhamisi nilikuuliza. Ukaniambia umeisoma."

"Nilikuwa nimeisoma, Kamusi. Ndicho kibaya chenyewe."

"Na mkutano ulikuwa Ijumaa."

"Ndiyo."

Nilimwambia nitaandika barua ofisini, nitaeleza yote, nitaweka saini. Aliniuliza barua hiyo atapelekewa nani. Yule Mkuu ameshastaafu, wale vijana wa kampuni hata hawakumbuki, na yeye ana miaka hamsini na minane. Hakusema kwa ukali. Ningependa angefoka, angenitukana, hata angenifukuza. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alisema tu, "Mimi kipimo changu kilikuwa kinaniambia kitu kimoja na wewe ukaniambia kingine. Nikachagua kukuamini wewe." Akaichukua fremu, akaigeuza, akatafuta msumari.

Nikaomba radhi. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kukataa, nami sikuthubutu kuuliza.

Mke wake ndiye aliyenisindikiza mpaka getini. Nilidhani hakusikia, lakini jikoni na kile chumba cha mbele vimetenganishwa na pazia. Alitembea ameshika bado kile kikombe alichokuwa ameniandalia, chai imejaa, haijaguswa.

"Waliwahi kumwita," akasema tulipofika. "Kampuni moja, mwaka wa kwanza baada ya kuondoka kwenu. Halafu mwaka juzi chuo cha ufundi, walimtaka akafundishe. Walikuja wenyewe mpaka hapa nyumbani. Akakataa kote. Alisema hawezi kwenda kuwafundisha watoto wa watu kazi ambayo yeye mwenyewe haijui, asije akawaharibia."

Nikashika komeo la geti, sikulifungua.

"Mimi nilimwona mvivu, wifi yangu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia mbele ya watoto wake. Miaka sita kila tukikosana namtupia hilo, kwamba aliitwa kazini akaogopa, akajifungia na vioo vya watu." Alitazama nyuma, kule chumbani kulikokuwa kukisikika nyundo. "Sasa nikirudi humo ndani nikamwambie nini?"

Alisubiri nimjibu.